Kupunguza joto la diski kwenye kompyuta ndogo ya mezani, kwa hali ya hewa ya Tabora

Kompyuta nyembamba za mezani zilizotumika, kina Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zimejaa kwenye steshenari, ofisi na maabara za shule. Zinadumu, hazili umeme mwingi, na zinakaa pembeni ya meza bila kumbana mtu. Tatizo lao ni nafasi. Diski ngumu ya inchi 3.5, ile inayohifadhi mafaili, hubanwa chini ya draivu ya DVD au hulazwa juu ya madabodi, na hewa inayovutwa na feni hupelekwa kwanza kwenye prosesa. Diski huambulia makombo. Mwezi wa Juni hakuna anayeliona hilo. Ikifika Oktoba, chumba chenye bati bila dari kikiwa nyuzi 33 saa 9 alasiri, diski ile ile inasoma 53 au 55, na hapo ndipo wengi hukimbilia kubandika feni popote penye upenyo. Feni huja mwishoni, na mashine nyingi hazifiki huko.

Namba ya kuifuata: tofauti kati ya joto la diski na la chumba

Joto la diski peke yake halikuambii la kufanya. Diski yenye nyuzi 48 kwenye chumba cha nyuzi 36 inapoozwa vizuri kabisa. Diski yenye nyuzi 44 kwenye chumba cha nyuzi 22 haipati hewa, ila ubaridi wa Juni unaificha. Kwa hiyo toa joto la chumba kwenye joto la diski, kisha uamue kwa jibu unalopata.

Kwenye Windows, programu ya CrystalDiskInfo inatosha. Namba kubwa ya juu ndiyo joto. Zile za safu ya mwisho kwenye orodha ya chini kwa kawaida zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo ukiona 2A kwenye mstari wa joto, hiyo ni 42. Kwenye Linux weka programu ya smartmontools, kisha andika (sda kwa kawaida ni diski ya kwanza):

sudo smartctl -A /dev/sda

Mstari unaoanza na namba 194, na kwa baadhi ya diski 190, ndio wenye joto, kwenye safu ya mwisho. Diski za Seagate huonyesha namba ndefu za kutisha kwenye mstari wa 1 na wa 7. Ziache, ndivyo zinavyohesabu na si dalili ya ugonjwa. Amri ambayo mafundi wachache wanaitumia, na inastahili kutumiwa zaidi, ni hii:

sudo smartctl -l scttemp /dev/sda

Kwa diski zinazoikubali, hutoa joto la sasa, joto la juu kabisa ambalo diski imewahi kufikia maishani mwake, kiwango cha juu ambacho mtengenezaji anapendekeza, na kumbukumbu ya saa chache zilizopita. Mteja akileta mashine asubuhi yenye ubaridi akadai kwamba jana mchana kasha lilikuwa linaunguza, hapa ndipo pa kuhakikisha. Smartctl ipo kwa Windows pia. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike vile vile bila neno sudo.

Joto la chumba lipime kwa kipimajoto cha kawaida cha ukutani. Kiweke usawa wa kasha, kama nusu mita mbele yake, wala si nyuma ambako hewa ya moto inatokea. Kama huna, tumia diski yenyewe: mashine iliyozimwa usiku kucha, ukisoma joto ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuiwasha, utapata joto la chumba kwa kukosea nyuzi moja au mbili tu. Hilo ni joto la asubuhi, kwa hiyo litumie kwa vipimo vya asubuhi.

Usipime mapema. Diski ya inchi 3.5 ni pande la alumini na chuma lenye uzito wa gramu 400 mpaka 700, na hupata moto taratibu. Iache ifanye kazi ya kweli kwa dakika 90, kwa mfano kunakili folda kubwa za picha, ndipo usome. Kipimo cha dakika kumi baada ya kuwasha kimewapa wengi matumaini ya bure.

Sasa jibu. Tofauti ya nyuzi 8 mpaka 12 ni nzuri. Usiguse kitu ndani. Kati ya 13 na 18 ni kawaida ya makasha haya, na usafi pamoja na kupanga nyaya kunaweza kuishusha. Ikizidi 20, hewa haipiti kwenye diski kabisa na lazima kasha lifunguliwe. Na kama tofauti ni ndogo lakini namba bado ni kubwa, kinachochemka ni chumba. Hakuna feni itakayoshusha diski chini ya joto la hewa inayoivuta.

Lengo lenyewe lisiwe la kujitesa. Diski nyingi za mezani zimeruhusiwa na watengenezaji kufanya kazi mpaka nyuzi 60, japo huo ni ukuta wa mwisho, si mahali pa kuishi. Upande mwingine, utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha diski zaidi ya laki moja, ulionyesha kwamba joto lina uhusiano dhaifu na kufa kwa diski kuliko ilivyodhaniwa. Madhara yalionekana zaidi kwenye joto la juu sana na kwa diski zenye umri, na zile zilizokuwa na ubaridi sana hazikuwa salama zaidi. Kwa Tabora, ukibaki chini ya 45 sehemu kubwa ya mwaka na usivuke 50 alasiri za Oktoba, umefanya kazi nzuri. Anayehangaika kufikisha 30 anapoteza muda wake.

Kabla ya bisibisi

Sogeza kasha. Nyuma yake paachwe sentimita 15 mpaka ukutani, na upande wenye matundu usielekee ukuta wala rundo la karatasi. Lisikae ndani ya kabati la meza lenye mlango, kwa sababu hapo linavuta hewa ile ile liliyoitema. Lisikae juu ya UPS, ambayo ina joto lake, wala ubavuni mwa fotokopi upande ule inakotolea hewa. Steshenari nyingi zimebana mashine hizo mbili pamoja kwa ajili ya urefu wa kebo, na kebo ndefu ni rahisi kuliko diski. Sakafuni pia hapafai: vumbi la mlangoni huvutwa moja kwa moja. Sentimita 30 kutoka chini husaidia, na mezani ni bora zaidi.

Makasha yaliyotengenezwa kulala mengi yanaweza kubeba skrini juu yake, lakini angalia kwanza kama mfuniko una matundu. Ukilisimamisha, tumia miguu yake ili upande wa chini usizibwe.

Chumba cha bati bila dari hakina tiba ya bei rahisi. Pangaboi linasaidia kwa sababu linaondoa hewa ya moto iliyotuama nyuma ya kasha. Kilicho rahisi ni kubadilisha ratiba: kunakili kumbukumbu, kukagua virusi kwenye diski nzima, kuhamisha video za harusi, vifanyike asubuhi kabla ya saa 4. Kazi hiyo hiyo saa 9 alasiri inaanzia nyuzi kumi juu zaidi.

Vumbi

Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, safisha kila wiki nne. Masika, kila miezi mitatu inatosha. Zima, chomoa waya, toa kasha nje, simama upande upepo unakotoka. Tumia blowa ndogo ya umeme na brashi laini ya rangi. Shika mapanga ya feni kwa kidole kabla ya kupuliza: feni inayozungushwa na upepo wa blowa huzidi mwendo wake, huharibu beringi, na inaweza kuzalisha umeme unaorudi kwenye madabodi. Kompresa ya gereji ya matairi iache. Hutema matone ya maji na mafuta pamoja na hewa, na shinikizo lake hung'oa vitu vidogo.

Anza na matundu ya mbele. Sura ya plastiki ya mbele hutoka kwa kubonyeza ndoano tatu hivi, na nyuma yake ndipo utakuta blanketi la vumbi ambalo hakuna aliyeligusa tangu mashine itoke Ulaya. Kwenye steshenari vumbi hilo huchanganyika na unga wa tona, kwa hiyo funga kitambaa puani. Baada ya hapo hitisinki ya prosesa, yaani chuma chenye mapezi kinachoipoza: ikiziba, hewa ya moto inageuka kuelekea diski.

Usibandike kitambaa au soksi ya nailoni mbele ya matundu kama chujio. Feni za makasha haya hazina nguvu ya kuvuta kupitia kitambaa, na baada ya wiki moja ya kiangazi kitambaa chenyewe kimeshaziba.

Njia ya hewa ndani

Kuna imani kwamba kuacha mfuniko wazi kunapooza. Kwa kasha kubwa la zamani huenda. Kwa hizi nyembamba, mfuniko ni sehemu ya bomba la hewa: feni inavuta kupitia matundu ya mbele kwa sababu pengine pote pamefungwa. Ukiufungua, hewa inachukua njia fupi juu ya prosesa na diski inabaki kwenye hewa iliyosimama. Pima mwenyewe, wazi na kufungwa, dakika 90 kila mara. Kwa sababu hiyo hiyo rudisha plastiki nyeusi inayofunika hitisinki, ambayo mafundi wengi huitupa wanapobadilisha pesti ya joto, na ziba nafasi za kadi zisizo na bamba nyuma ya kasha. Kipande cha chuma chepesi au plastiki ngumu kinatosha.

Nyaya ndizo adui anayesahaulika. Kebo ya SATA (inayopitisha data ya diski) iliyozidi urefu na mkia wa umeme usiotumika hukunjwa na kusukumwa pale penye nafasi, na nafasi pekee iliyopo ni pembeni ya diski. Zifunge kwa vibana vya plastiki, zipitie ukingoni mwa kasha. Chini na juu ya diski paachwe angalau milimita 5. Diski mbili zisipandane bila upenyo; ile ya juu itapokea joto la zote mbili.

Kishikio nacho kina neno. Diski iliyofungwa kwa skrubu kwenye chuma cha kasha hupeleka sehemu ya joto lake kwenye chuma hicho. Ikiwa kwenye kishikio cha plastiki, au imeshikwa kwa sponji na utepe wa gundi, inategemea hewa peke yake. Diski za inchi 3.5 hutumia skrubu zenye uzi mpana wa 6-32, na za inchi 2.5 hutumia M3. Ukilazimisha M3 kwenye diski kubwa inacheza, na diski inatetemeka. Kwa diski ndogo, skrubu isizame zaidi ya milimita 3, la sivyo inagusa bodi ya ndani.

Kwenye mfuniko wa diski ya kawaida kuna kitundu kidogo chenye onyo la kutoziba. Diski inapumua hapo ili shinikizo la ndani lilingane na la nje. Usibandike juu yake pedi ya joto, lebo wala hitisinki.

Feni ya ziada

Ukishafanya yote hayo na tofauti bado ni zaidi ya 18, weka feni. Kwa makasha haya kipimo kinachofaa zaidi ni milimita 60×60×15. Ile ya 40×40×10 huingia popote lakini hupiga mluzi na kupeleka hewa kidogo. Feni ya 80 kutoka pawa saplai iliyokufa huwa na unene wa 25 na mara nyingi mfuniko haufungi. Tena ukiitoa humo kumbuka kwamba kondensa kubwa za pawa saplai zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Anayejua kuzimaliza chaji afungue, mwingine anunue feni.

Mwelekeo ufuate ule wa kasha: kwa mashine nyingi, mbele kwenda nyuma. Feni hutema hewa upande wenye fremu ya vijiti na lebo. Ukiigeuza, feni mbili zinashindana na katikati hewa inasimama. Hili ndilo kosa linalofanya mtu aseme feni haisaidii. Isimamishe kwenye ukingo wa diski ili hewa iteleze juu na chini yake kwa pamoja, kwa umbali wa milimita 10 hivi. Kuilaza na kuigandisha kwenye uso wa diski huleta kelele bila hewa. Ikibidi ilale, ielekeze upande wenye bodi ya kijani, kwani hapo ndipo ilipo chipu inayochemka, na uache upenyo ule ule. Ishike kwa mpira au vipande vya sponji kwenye kona, usiifunge kwa skrubu kwenye kishikio cha diski. Mtetemo wa feni huivuruga diski isomapo.

Umeme wake ndipo penye mtego. Kwenye feni ya nyaya mbili au tatu, kwa kawaida waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Wa njano, kama upo, ni wa kuhesabu mzunguko. Kwenye pawa saplai, wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, mweusi ni hasi. Kwa hiyo mwekundu wa feni huenda kwenye wa njano wa pawa saplai. Anayeunganisha nyekundu kwa nyekundu anaipa feni ya volti 12 volti 5 tu: itazunguka polepole na kimya, au haitaanza kabisa. Kama unataka ukimya huo, sawa, lakini iwashe na kuizima mara kumi ikiwa baridi, na ikishindwa kuanza hata mara moja, irudishe kwenye 12. Ujanja wa kuiweka kati ya wa njano na mwekundu ili kupata volti 7 tusiufanye. Feni ikishoti, volti 12 zinaingia kwenye njia ya volti 5, na diski ndiyo inayoungua.

Mashine nyingi za Dell na HP za aina hii huchukua umeme wa diski kutoka kwenye madabodi, si moja kwa moja kwenye pawa saplai. Feni ndogo hutumia ampea 0.1 mpaka 0.15, ambayo haina madhara, lakini usitundike hapo diski ya pili pamoja na feni tatu. Vigawanyio vya SATA vya bei ya chini vilivyomiminwa plastiki nzima viepuke: nyaya ndani huweza kugusana na kuyeyuka. Chagua vile ambavyo unaona waya umeingia kwenye pini moja moja. Zile kompyuta ndogo kabisa za adapta ya volti 19 hazina njia ya 12. Kwao tumia feni ya volti 5 kwenye tundu la USB.

Kabla ya kununua chochote, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Kwenye HP nyingi kuna sehemu ya joto inayokuruhusu kuongeza mwendo wa chini wa feni kwa asilimia. Panda kidogo kidogo, pima, simama kelele inapokera. ThinkCentre nyingi zina chaguo la kutanguliza upoozaji badala ya ukimya. Feni ya asili ya kasha usiichomoe hata kama umeweka yako, maana mashine hizi hutoa onyo na nyingine hugoma kuendelea kuwaka bila kubonyezwa kitufe.

Ukilinganisha vipimo vyako na vya mtu wa Dar es Salaam mwenye mashine kama yako, usishangae vyako vikizidi kidogo. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Feni ile ile kwa mwendo ule ule inabeba joto pungufu.

Kupunguza joto linalozalishwa

Diski ya inchi 3.5 ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia kama wati 6 mpaka 8 ikiwa kazini. Ya inchi 2.5 ya mizunguko 5,400 hutumia wati 2 au pungufu. Kuibadilisha, kwa kishikio cha kuunganisha saizi hizo mbili, hushusha joto kuliko feni yoyote, ila mwendo nao unashuka. SSD ya SATA, yaani diski ya chipu tupu, inamaliza mjadala wote: haina mota, na nyingi zimeruhusiwa kufika nyuzi 70. Kama bajeti inaruhusu SSD ya GB 240 kwa ajili ya Windows, iweke, na diski ya zamani ihamie kwenye kasha la nje la USB kwa ajili ya kumbukumbu, iwashwe inapohitajika.

Kama hairuhusu, angalia RAM. Windows 10 kwenye GB 4 huhamisha vitu kwenye diski muda wote, na diski haipumziki hata mtu akiandika barua tu. Fungua orodha ya kazi zinazoendelea (Task Manager). Diski ikikaa asilimia 100 bila sababu, kuongeza RAM kufika GB 8 kutapoza diski na kuharakisha mashine kwa mpigo.

Mpangilio wa kuzima diski ikikaa bila kazi usiuweke dakika 3 au 5. Kuiamsha diski ya inchi 3.5 kunakula umeme mwingi kuliko kuiendesha, na kuwaka na kuzima mara kwa mara kunaichosha. Dakika 30, au isizime kabisa saa za kazi.

Wakati tatizo si joto tena

Rudi kwenye matokeo ya smartctl -A, usome safu ya mwisho ya mistari ya 5, 197 na 198, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Ikiwa sifuri zote, endelea na kazi ya kupoza. Ikiwa 197 au 198 ina namba na inapanda siku hadi siku, usianze kusafisha wala kuweka feni. Nakili data kwanza, mafaili muhimu kabla ya picha na video, mashine ikiwa imepoa, asubuhi. Diski ya aina hiyo haiponi kwa upepo. Mstari wa 199, unaohesabu makosa ya kupitisha data kwenye kebo, ukiwa ndio unaopanda peke yake, badilisha kebo ya SATA kabla ya kumwambia mteja anunue diski.